Lori la Baba na Gari la Mama

Kila siku ya Mungu lazima atokee mteja wa kuniambia gari la Kijapani halifi. Anasimama mbele ya meza yangu Gerezani, kwenye uchochoro wa spea nyuma ya Kariakoo, anageuzageuza pampu ya maji iliyong'olewa kwenye gari lililojifia zamani huko kwao, halafu ananiambia, "Dada, vyuma vya Mjapani havifi." Namtazama tu. Natamani kumwambia, kaka, hicho ulichoshika mkononi ni kiungo cha marehemu. Lakini biashara haitaki mdomo. "Havifi, kaka yangu," nasema, namtilia kwenye mfuko, anakwenda zake.

Nauza spea za mtumba, na watu wa mji huu nawajua. Mwekee mtu spea mpya kabisa ndani ya boksi lake, na pembeni nyingine kuukuu yenye grisi ya Japani, atachukua kuukuu, tena ataisogeza puani ainuse kama anayechagua samaki Feri. Siwacheki. Ubishi wa gari lipi linadumu nimezaliwa nao. Kwetu Magomeni ulikuwa unanywewa na chai ya asubuhi, kwa sababu Baba alikuwa na lori lililoundwa hapa hapa nchini, Mama alikuwa na kigari chake cha Kijapani, na kila mmoja alikuwa tayari kula kiapo kwa ajili ya lake.

Mama sasa ni marehemu. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za magari tu. Kwa miaka mingi nyumba nzima ilikuwa inaulinda uhai wa Baba, kumbe aliyekuwa anaondoka ni Mama, anaondoka mbele ya macho yetu huku akituchekesha. Hilo linanichoma mpaka leo, na hasira yake sikujua niipeleke kwa nani.

Baba alifanya kazi ujana wake wote kwenye karakana moja ya kuunganisha malori, ambayo siku hizi ni ghala la magodoro. Vyuma vilikuja kwa meli vikiwa vipande vipande, wao wakaviunga. Karakana ilipofungwa akahangaika huku na huku mpaka akapata lori moja, la mwisho mwisho, na anaapa kwamba boliti za upande wa kushoto alizikaza kwa mkono wake. Nampenda baba yangu, lakini ukweli usemwe: lori lile liliundwa vibaya. Mlango wa dereva na wa abiria haikulingana, utadhani kila mmoja ulikusudiwa gari lake. Mvua ikinyesha, aliye ndani analowa kuliko aliye nje. Tangi la dizeli lilitoboka, Baba akaliziba kwa sabuni ya mche, na sabuni ile ikakaa pale miaka, tukaizoea kama sehemu ya gari. Na kuwaka, haliwaki mpaka lisukumwe. Wanaume wa mtaani wakisikia honi ya Baba walikuwa wanaacha bao lao, wanakuja huku wanatukana.

"Lina kasoro, sikatai," Baba alikuwa anasema, "lakini kasoro zake zinasema. Likitaka kuharibika linaanza kulalamika wiki nzima kabla. Gari lisilougua, siku likiugua ni kaburi."

"Linalalamika kama mwenyewe," Mama anamjibu kutoka uani.

Na kweli walifanana. Baba ana pumu tangu ujana, ana mgongo, na uzeeni ikaongezeka sukari na presha. Akikohoa, nyumba nzima inasimama. Meza ya sebuleni ilikuwa ya dawa zake, uji wake ulipikwa mbali, na siku zake za kliniki zilijulikana hata na muuza genge. Mama hakuwahi kulala hospitali isipokuwa kwa kujifungua. Kichwa kikimuuma anajikaza kanga kwenye paji la uso, anaendelea kukuna nazi. "Mke wangu huyu Mjapani," Baba alikuwa anawaambia wageni. "Mtie maji, mtie mafuta, anatembea." Tulicheka sana. Leo siwezi kuukumbuka mzaha ule bila kuuma meno.

Mama aliuza kanga na vitenge Kariakoo, na kigari alikinunua kwa jasho lake mwenyewe. Kilikuja na vumbi la bandarini na sauti ya mwanamke. Kila ukiwasha, kabla redio haijalia, sauti ile inasema sentensi moja ya Kijapani, taratibu, kwa adabu, kisha inanyamaza. Hatukujua inasema nini. Nina wateja wanaoyajua magari ya Kijapani mpaka skrubu ya mwisho, na hakuna aliyeweza kunitafsiria. Mama akaamua kwamba ni shikamoo. "Mtoto ana adabu huyu," alisema siku ya kwanza, na tangu hapo kila asubuhi gari likisema, yeye anaitikia, "Marahaba, mwanangu," ndipo anatia gia. Ndoa yangu ilipovunjika nilirudi nyumbani, tukawa tunaenda wote Kariakoo, mimi kiti cha pembeni. Marahaba ile niliisikia mpaka nikaacha kuisikia.

Na lilikuwa gari kweli, nisiseme uongo. Masika ikishika, bonde la Jangwani limejaa maji, magari ya watu wenye fedha zao yamezima katikati ya barabara na wenyewe wamevua viatu, Mama alikuwa anapita polepole, maji yanagonga mlango, anasoma dua. Tunatokea upande wa pili. Jioni anamsimulia Baba kwa madoido, na Baba ananuna kama kuna mtu aliyemtukania mtoto.

Halafu ikaanza kuwaka taa nyekundu ya oili. Sasa, mafundi wetu wana dawa moja ya taa za dashibodi, na sijui kama kuna nchi nyingine wanaitumia. Tulipita gereji moja kando ya Msimbazi, fundi akachungulia.

"Mama, taa ya oili inawaka. Nifungue niangalie?"

"Linatembea?"

"Kutembea linatembea."

"Basi nitolee hiyo taa machoni, inanikera."

Fundi akakata kwa meno kipande cha tepu nyeusi, ile ya mafundi umeme, akaibandika juu ya taa, akaikandamiza kwa kidole gumba. Kazi kwisha. Wala usimshangae Mama. Pita Kariakoo uchungulie magari yaliyoegeshwa, utaziona tepu hizo kibao. Mjapani ameweka taa ili mtu asimame. Sisi, gari likiwa bado linatembea, tunaona kibovu ni taa. Hata tepu yenyewe nauza mimi, ipo mezani karibu na plagi.

Mwaka huo huo, alasiri moja, pumu ilimbana Baba vibaya. Midomo ikawa rangi ya majivu. Mama alikuwa mrefu mwenye mikono ya kazi, Baba mfupi mwembamba. Akamnyanyua kama gunia la mkaa, akamlaza kiti cha nyuma, akaendesha mkono mmoja uko kwenye honi mpaka hospitali. Baba akapona, maana ndiyo kawaida yake, kuharibika na kupona. Lakini safari hiyo tulitishika. Siku chache baadaye Mama alirudi na bafta nyeupe, akatandika mkeka chumbani, akaanza kuikata kwa mkasi wake wa dukani.

"Ya nini, Mama?" nikamuuliza kutoka mlangoni.

"Sanda. Mtu mzima anajiandaa. Baba yako si unamwona?"

Sikushtuka. Kwetu pwani si ajabu sanda kulala sandukuni na kafuri yake na udi, ikingoja mwenyewe. Baba tulipomwambia alichangamka kabisa. "Hebu niione nguo yangu ya sikukuu," akasema. Mama akaikunja upesi, akaitia sandukuni, akafunga, na ufunguo akaufundika kwenye pindo la kanga. "Hutaiona mpaka siku ya kuivaa," akamwambia. Baba alicheka mpaka akahitaji pampu yake ya pumu.

Haikupita muda gari likanoki. Lilikuwa halijamlaza Mama njiani hata siku moja, na siku hiyo, katikati ya barabara ya Msimbazi, likagonga kwa ndani kama kuna mtu anabomoa ukuta, likasimama. Injini ilikauka oili, vyuma vikasagana. Mama aliliacha pale pale, akatembea kwa miguu na jua la saa saba mpaka kwangu Gerezani, akajibwaga juu ya boksi. Alikuwa amelowa jasho, uso umempauka, na kwa mkono wa kulia ameushikilia mkono wa kushoto hapa juu, karibu na bega.

"Mama, vipi?"

"Gesi tu. Nimekunywa chai na maandazi mbiombio. Nipe soda ya tangawizi." Akanywa, akabeua, akacheka. "Umeona? Imetoka." Kisha akanikazia macho. "Umempigia baba yako? Amevuta pampu yake ya mchana?"

Nikampigia Baba. Nikamuuliza kifua kinaendeleaje, amekula nini, amelala upande gani, na muda wote huo Mama amekaa mbele yangu anajipepea kwa kipande cha boksi.

Fundi alipoifungua injini alisikitika. "Mama, hii gari ilikuwa inakuambia siku nyingi."

"Na mimi nilikuwa na kazi nyingi, mwanangu," Mama akamjibu.

Injini nyingine nilimtafutia mimi mwenyewe, kwa wenzangu wa uchochoroni. Huo ndio uzuri wa Mjapani, na hapo namnyooshea mikono: moyo unang'olewa kwa marehemu mmoja, unafungwa kwa mwingine, na wiki haijaisha gari liko barabarani kana kwamba halijawahi kufa. Lori la Baba, spea zake zilikwisha duniani zamani, linaishi kwa waya na sabuni. Fundi alitaka kubandua ile tepu, maana oili sasa ilikuwa sawa. "Iache," Mama akasema. "Nimeshaizoea."

Asubuhi aliyokufa ilikuwa asubuhi kama nyingine. Baba alikuwa ndani anakohoa. Mama akavaa buibui lake, akaingia garini, nami nikaingia huku nasoma meseji za wateja. Akawasha. Gari likasema sentensi yake. Nikangoja marahaba, haikuja. Nilidhani anafanya utani. "Mtoto amekusalimia, Mama," nikasema, nikageuka. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea dirisha, macho yako wazi. Injini ilikuwa inanguruma taratibu, laini, haina hata mtetemo.

Nilipiga ukunga. Wa kwanza kufika alikuwa Baba. Mzee ambaye kutoka kitandani kwenda chooni hupumzika njiani, alikuja mbio, miguu peku. Jirani akashika usukani, tukaenda. Hospitali daktari akatuambia kwamba moyo ulikuwa mgonjwa siku nyingi. "Hakuwahi kulalamika?" akauliza. Baba akatazama sakafu. "Hapana," akasema. "Huyu hakuwa mtu wa kulalamika."

Msibani kulikuwa na mama mmoja wa mtaani, amekaa mkekani na kikombe chake cha kahawa, anarudia rudia, "Mficha maradhi, kilio humuumbua." Nilivumilia, nikavumilia, mwisho nikampokonya kikombe mbele za watu nikamwambia atoke kwetu. Sijamwomba radhi, na sitamwomba. Methali si uongo, ila kuna siku ya kusema na siku ya kufunga mdomo.

Watu walipotaka kwenda kununua sanda, Baba akawazuia. "Chukueni yangu," akasema. "Iko sandukuni, yeye mwenyewe ndiye aliyeikata."

Nikaifundua kanga ya Mama, nikapata ufunguo. Tukafunga mlango wa chumba, mimi na bibi mwoshaji, ambaye ameshawaosha wanawake wengi wa mtaa wetu. Akaikunjua bafta kipande kwa kipande, akaitandaza. Kisha akasimama, akanitazama.

"Umesema hii ya nani?"

"Ya Baba."

"Siyo, mjukuu wangu. Mwanamume anavishwa nguo tatu. Hizi ni tano." Akanyanyua kipande kimoja kifupi, akanionyesha. "Na huu hapa ni ushungi. Aliyekata hii alimkatia mwanamke, tena mrefu."

Mimi ni mfupi, nimemfuata Baba. Katika nyumba yetu hapakuwa na mwanamke mrefu mwingine. Nikakaa chini. Kumbe alijua. Alijua tangu alipokaa pale mkekani na mkasi, akanitazama usoni, akasingizia ugonjwa wa mwenzake. Nilimlilia na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Wallahi nilitaka afufuke walau kidogo, nimgombeze, kisha arudi. Bibi akanishika bega. "Ukilia, toka nje. Kama huwezi kutoka, nisaidie." Nikamsaidia.

Baba alikataa gari la kukodi. Alisema mkewe atachukuliwa na lori. Jeneza likapandishwa, Baba akakaa mbele, na lori, kama kawaida yake, likagoma. Basi wanaume wakakunja kanzu zao, wakalisukuma na Mama akiwa juu, mtaa mzima, mpaka likakohoa, likashika moto, moshi mweusi ukawafunika wote. Hakuna aliyetukana siku hiyo. Sisi wanawake hatuendi makaburini. Nilisimama barazani nikiusikiliza mlio wake mpaka ukapotea baada ya kona ya msikiti.

Siku ya kwanza ya kumpeleka Baba kliniki ilikuja baada ya arobaini. Kigari cha Mama kilikuwa pale pale, hakina shida yoyote, kinawaka kwa kuguswa tu. Baba hajawahi kukipanda bila kukitukana, lakini siku hiyo alifunga mkanda kimya, dawa zake ziko mapajani ndani ya mfuko. Nikawasha. Gari likasema sentensi yake, taratibu, kwa adabu.

Baba akasafisha koo.

"Marahaba," akasema kwa sauti ya chini, anatazama mbele.

Sikuweza kutia gia. Injini ilikuwa inanguruma tu. Baadaye akauliza, "Sanda ilimtosha?"

Sikuwa nimemwambia mtu, na bibi mwoshaji naye hasemi ya chumbani. "Ilimtosha, Baba," nikasema. "Bafta ilikuwa pana."

"Usinifiche, mwanangu. Haikuwa yangu ile." Akavuta pumzi, kifua kikapiga mluzi. "Siku ya pili yake, mchana, alidhani nimelala. Akaitoa, akajifunga ule ushungi, akasimama mbele ya kioo cha kabati. Alijitazama muda mrefu. Mimi nikafumba macho."

Hasira yangu yote ikapata mtu. "Sasa kwa nini hukumuuliza?" nikampigia kelele baba yangu ndani ya gari lile dogo, mimi ambaye sijawahi kumpandishia sauti. "Baba, kwa nini hukumuuliza?"

Hakugeuka. Alikuwa ameitazama ile tepu nyeusi, ambayo mpaka leo hatujaibandua.

"Ningemuuliza," akasema, "angeniambia."

Nikatia gia, tukaenda kliniki.